Kilemba cha Mjomba

Nimefua vilemba vya Singasinga kwa miaka inayozidi umri wa mjukuu wangu, kwa hiyo nikisema najua kilemba ni nini, mtu asinibishie. Shule niliishia darasa la nne, na hapo nilifika kwa kuburutwa. Lakini nguo naijua. Mie ni dobi. Nifumbe macho unipe kitambaa, nitakwambia ni bafta, ni marekani au ni melimeli, na nitakwambia kama aliyekifua kabla yangu alikuwa mvivu.

Nyumba yangu iko Manzese, nyuma ya barabara kubwa yanakopita mabasi ya mwendokasi. Ukuta wa ua wangu ndio ukuta wa gereji ya Singasinga mmoja. Yeye ni fundi wa gia boksi za malori, kazaliwa hapa hapa Dar, na babake kazaliwa hapa hapa. Mtaa mzima wanamwita Kalasinga. Mie pia nilikuwaga namwita hivyo, mpaka siku moja akaniambia taratibu, huku anafuta grisi vidoleni, "Dada, Kalasinga alikuwa mtu mmoja, alishakufa zamani. Mie ni Singa tu." Toka siku hiyo namwita Singa. Yeye ananiita dada, ingawa sote tumeshakuwa na mvi. Zangu nazificha kwa ushungi na zake kwa kilemba, ila ndevu zinamfichua.

Mara ya kwanza alipoleta nguo zake nilidhani kaleta mapazia. Kitambaa kimoja mita tano na nusu, melimeli nyepesi, upana karibu mita nzima. Nikakipiga wanga kama ninavyopiga kanzu za Ijumaa, nikakipitisha pasi ya mkaa mpaka kikasimama chenyewe. Alipokuja kukichukua alikigonga kwa ukucha, kikalia.

"Dada," akasema, "hiki naweza kuezekea gereji."

Sikucheka, maana kazi yangu sipendi ichekwe. Lakini nilijifunza. Wanga uwe mwepesi kama maji ya wali. Kianikwe kivulini. Pasi kisiione kabisa. Na kikishakauka, si kwamba kimekuwa tayari. Kilemba kinataka watu wawili: mmoja ashike ncha hii, mwingine ncha ile, mvute kwa kukingamisha mpaka kitambaa kilie, mkunje, mvute tena, mkunje tena, kiwe chembamba kama mkanda mpana. Hapo ndipo mwenyewe anaingia ndani akafunga.

Mkewe ndiye aliyekuwa akimshikia ncha ya pili. Yule mama alipofariki, niliona kwa macho yangu asubuhi moja: mzee kaifunga ncha kwenye komeo la geti la gereji, anavuta, geti linamfuata, kitambaa kinabwagika vumbini. Anakikung'uta, anaanza upya. Mara ya tatu nikaacha beseni langu nikatoka, nikafungua lile fundo kwenye komeo, nikashika. Sikuulizwa na mie sikuuliza. Tukavuta. Akasema, "Ahsante dada," akaingia ndani.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi nikishawasha jiko anagonga ukuta kwa spana mara mbili, natoka. Kichwani wakati huo anakuwa na kitambaa kidogo cheusi amekibana. Nywele zake sijawahi kuziona na sitaki kuziona. Wanawake wa bombani walianza maneno. "Bibi, siku hizi asubuhi unavutana nguo na mwanamume?" Nikawaambia, "Njooni mumshikie nyie, mie nipike chai." Hakuna aliyekuja.

Siku moja ya joto kali, lile la mwezi wa pili, nilimuuliza kwa nini asizikate tu hizo nywele akapumzika. Akaniangalia ushungi wangu, uliolowa jasho mpaka shingoni.

"Na wewe mbona huuvui, dada?"

Jibu nilikuwa nimeshalivaa.

Baadaye alinieleza vizuri. Zamani za mababu zao, kilemba kilikuwa cha wakubwa, watu wa farasi na mapanga. Mwalimu wao wa dini akaja akasema hapana, wote mvae, mfua chuma na mlima shamba, nywele msikate, na kila mmoja ajione mtoto wa mfalme. Lakini kuna sharti. Ukishavaa huwezi tena kujificha kwenye watu. Mwenye shida atakuona toka mbali, atakuja kwako, na huna ruhusa ya kusema siyo mie. Nikamwambia hayo ni maneno mazuri, vitendo tutaviona. Mie ndivyo nilivyo.

Sasa nimseme mjukuu wangu, maana haya yote yanamhusu yeye.

Nilizaa mtoto mmoja tu, wa kike. Yeye na mumewe wamejenga Madale, kule milimani, lakini binti yao alikulia kwangu toka anaacha ziwa, kwa kuwa wao walikuwa wakihangaika na kazi. Kwa kuwa sikuzaa mtoto wa kiume, mjukuu wangu hana mjomba. Kwa mtu wa pwani hilo siyo jambo dogo. Mjomba ndiye anayemkalia mtoto siku ya posa, ndiye wa kukimbiliwa nyumba ikiwaka moto.

Alipokuwa na miaka sita alirudi kutoka gereji, kashika pipi, akaniambia, "Bibi, Singa kasema yeye ni mama yangu."

Nikachukua mwiko nikaenda. Alikuwa chini ya lori, miguu ndiyo inaonekana. Nikaugonga ule mguu.

"Umemwambia nini mtoto?"

Akajisukuma nje. "Ameniuliza mjomba ni nani, kwa sababu wenzake shuleni wana wajomba. Nikamwambia mie nitakuwa mama yake."

"Mama?"

"Kwetu mjomba anaitwa mama, dada. Kaka wa mama ni mama." Akaona mwiko, akafikiria kidogo. "Kwa Kiswahili limekaa vibaya."

"Limekaa vibaya sana," nikamwambia, nikarudi kwenye mchuzi wangu. Lakini mtoto alishalishika, na hata nilipomkataza aliendelea kumwita mama Singa. Gereji nzima wakawa wanacheka, mzee mwenyewe anaitika.

Mwaka uliofuata nilikwenda na mtoto sokoni Tandale kununua vitunguu. Niligeuka kubishana na muuzaji kuhusu vitunguu vilivyoota, nikageuka tena, mkono wa mtoto haupo. Anayelijua soko la Tandale siku ya mizigo ataelewa. Magunia, mikokoteni, watu wamebeba viroba kichwani hawaangalii chini. Niliita mpaka sauti ikakatika. Nikaona niende nyumbani nikaombe watu, na wa kwanza kumkuta alikuwa Singa.

Aliniuliza kavaa nini. Nikamwambia gauni la kijani. Akageuka akaingia ndani. Nikasubiri. Nikaona kwenye upenyo wa mlango kilemba cha bluu kimewekwa mezani, nikajua yule mtu anabadilisha nguo. Nilimtukana siku ile matusi ambayo siyaandiki hapa. Mtoto kapotea, mtu mzima anajipamba.

Akatoka na kile cha rangi ya zafarani, ambacho huwa anavaa kwenye sikukuu yao kubwa tu. Kimekaa upogo upande mmoja kwa haraka, lakini kinawaka kama moto. "Twende," akasema.

Tulipofika sokoni hakuniuliza mtoto nimempotezea wapi. Alimwendea msukuma mkokoteni, wakaelewana, akapanda juu ya mkokoteni mtupu akasimama wima, mikono ameshika kiuno, akasukumwa polepole katikati ya soko. Watu wakaacha biashara wakatazama. "Kalasinga anagombea udiwani!" mmoja akapiga kelele. "Kura yangu unayo, mzee, tuletee choo!" Yeye anageuza kichwa kulia, anageuza kushoto, na mie nyuma ya mkokoteni nalia na kuona haya kwa pamoja.

Mtoto alikuwa chini ya meza ya mama mmoja muuza nazi. Yule mama alimuona analia, akamweka pale, lakini mtoto hakukubali kusema jina lake wala la mtu yeyote, kwa kuwa nilimfundisha asiseme na asiowajua. Ghafla akachomoza kichwa akaonyesha kidole. Muuza nazi alinisimulia mwenyewe, huku anajishika mbavu: "Ananiambia, yule pale mama yangu. Natafuta mwanamke, naangalia, naona ndevu."

Singa alishuka, akamnyanyua. Mtoto akamshika kile kilemba kwa mikono miwili, na yeye, ambaye hapendi kiguswe hata na upepo, akamwacha.

Pale pale, mbele ya magunia ya viazi, nilimwambia neno. Mie siyo mtu wa kuahidi ahidi. Nilisema, "Siku atakayoposwa huyu, mjomba ni wewe, na kilemba cha mjomba ni chako." Akanitazama sana, akaweka mkono kifuani. "Kilemba, dada?" "Kilemba." Niliona macho yake yamelowa nikadhani ni vumbi la soko.

Miaka ikapita. Juzi juzi hapa mjukuu wangu kapata mchumba, kijana mtulivu wa Temeke, anauza dawa za mifugo. Wazazi wake wakatuma mshenga, tukapanga siku. Posa iletwe kwangu, kwa kuwa mtoto kakulia kwangu. Nikamwambia mkwe wangu, yaani baba wa mtoto, kwamba kwenye mkeka atakaa Singa kama mjomba.

"Mama," akasema mkwe wangu, "ukoo utatucheka. Mtoto wangu mjomba wake awe Kalasinga? Na dini ni nyingine?"

"Ndoa anafungisha shehe, na walii ni wewe. Mjomba hafungishi ndoa. Mjomba anakaa, anaonekana."

"Sisemi mtu mbaya. Nasema unamvisha mzee wa watu kilemba cha ukoka. Akifika pale atadharauliwa. Na kukaa mkekani ataweza?"

"Kalala chini ya malori maisha yake yote, mkeka utamshinda?"

Binti yangu akajaribu kupatanisha. "Mama, si tungemchukua binamu yangu mmoja wa Kisarawe tukamkalisha?"

"Huyo binamu anamjua mwanao?"

"Hamjui."

"Basi akae Kisarawe."

Wiki hiyo, siku ya Alhamisi, Singa aliniletea kufua kile cha rangi ya zafarani. Kimechakaa, hakivai siku hizi. Nikakifua, nikampa, sikuuliza.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri wageni wakaja. Mshenga wao ni dalali wa viazi kule kule Tandale, mtu ambaye mdomo ndio mtaji wake. Alikuja na mjomba wa bwana harusi, shangazi zake wawili, na sinia limefunikwa kitambaa cha kufumwa. Singa alishakaa mkekani, shati jeupe, kilemba cha rangi ya damu ya mzee, ndevu kazikunja vizuri, mfuko wa nailoni mapajani. Mkwe wangu kakaa mbali naye kidogo, nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

Mahari ilipokwisha zungumzwa, mshenga akafunua sinia. Kwetu kuna nguo tatu za heshima. Mkaja, wa kumfunga tumbo mama aliyezaa. Ubeleko, wa kumbebea mtoto mgongoni. Na kilemba. Nasema nguo, lakini siku hizi ni bahasha, zimebaki majina. Mkaja akapewa binti yangu. Ubeleko wakanipa mie, kwa kuwa mgongo uliombeba ni wangu.

"Na hapa," akasema mshenga, "kuna kilemba cha mjomba. Mjomba ni nani, tumtambue?"

"Huyo hapo," nikasema.

Mshenga akamtazama Singa, akanitazama mie, akakitazama kichwa cha Singa.

"Lakini huyu mbona kilemba anacho tayari?"

Watu wakacheka, na Singa akacheka. Nami nikaliacha lipite, kwa sababu lilikuwa neno zuri.

Singa akaipokea bahasha kwa mikono miwili. Akaifungua, akachungulia ndani kama anavyochungulia gia boksi. Akaifunga. Akairudisha kwenye sinia kwa adabu.

"Samahani," akasema. "Hiki siyo kilemba."

Kicheko kikakatika. Mshenga akakohoa. "Mjomba hujaridhika?"

"Siyo kuridhika. Kilemba hakimo."

Wakasogea pembeni, wakanong'ona, mjomba wa bwana harusi akaingiza mkono mfukoni. Bahasha ikarudi imenenepa. "Mjomba wetu," akasema mshenga, "sie ni watu wa kawaida, tunajikuna tunapofikia."

Singa akachungulia tena. Safari hii niliona kabisa uso wake unaanguka. "Bado hakimo," akasema, sauti ndogo.

Shangazi mmoja akamwambia mwenzake, siyo kwa kunong'ona, "Anatupandishia kama anauza injini."

"Muachie akupe na risiti," mwenzake akajibu.

Mkwe wangu akanitazama. Mshenga akaanza kufunika sinia. "Bibi, shikamoo yako tuliitoa kwa moyo mmoja," akaniambia. "Lakini sie tulikuja kuoa. Hatukuja kununua lori."

Kwenye mlango wa chumbani kuna pazia, na pazia halifiki chini. Niliona vidole vya miguu vya mjukuu wangu vimesimama pale. Tangu mwanzo vilikuwa vinachezacheza. Sasa vimetulia.

Hapa nitasema kweli, kwa kuwa nimeanza kusema. Nami nilimdhania vibaya. Nilisema moyoni, miaka yote hii namshikia ncha, kumbe ni wale wale. Nikaona haya kwa ajili yake, nikaona haya zaidi kwa ajili yangu, maana mie ndiye niliyemkalisha. Nikamwangalia ili nimwambie kwa macho chukua hiyo bahasha tumalize. Yeye kainama, kaubana ule mfuko wa nailoni kwa mikono yote miwili. Na mdomoni mwa mfuko nikaona kipande cha nguo. Zafarani. Nilichokifua Alhamisi.

Ndipo nikaelewa, na nilihisi kama nimemwagiwa maji ya kisima. Mtu huyu nilimuahidi kilemba. Mie nikisema kilemba nasema bahasha, na hata sifikirii, kama mtu asemavyo chai ya bosi. Yeye amesubiri kilemba. Na aliwahi kuniambia, tukivuta nguo, nami nasikiliza nusu nusu, kwamba kwao wanaume wawili wakibadilishana vilemba wamekuwa ndugu mpaka kaburini. Amekuja na cha kwake cha kubadilishana.

"Sinia likae," nikasema.

Likakaa.

"Kosa ni langu. Mzee hataki kuongezewa hata senti. Nilimuahidi kilemba, pale Tandale, mtoto kapotea na yeye ndiye aliyempata, na sikumwambia kwamba kwetu siku hizi kilemba ni hela. Kwake kilemba ni kilemba. Ni hicho kinachokaa kichwani. Nimefua nguo za mtu huyu maisha yangu yote, halafu nikamuahidi kitu nisichokijua. Mnilaumu mie."

Sikuzoea kuomba radhi na nadhani ilionekana.

Singa akanyanyua kichwa. "Dada, kwenu kilemba ni hela?"

"Siku hizi."

"Na ule mkaja?"

"Hela."

"Na ile ya kubebea mtoto?"

"Hela pia."

Akafikiria. "Sasa mtoto mnambebea nini?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mshenga. Alicheka mpaka akavua kofia. Halafu shangazi, yule wa injini, halafu nyumba nzima. Nyuma ya pazia vidole vikaanza kucheza.

"Haya," akasema mshenga, akijifuta macho. "Manzese kuna kila kitu. Kilemba cha nguo kitafutwe."

Akaenda mjomba wa bwana harusi mwenyewe. Akarudi baada ya robo saa, kafurahi, na kitu ndani ya plastiki. Akakitoa. Kilikuwa kile cha kisasa cha wanawake, kimeshashonwa tayari, kina fundo kubwa mbele kama ua na vipande vinavyometameta.

"Nimesema nataka kilemba cha harusi," akajieleza. "Wakaniambia ndivyo vinavyotoka sasa."

Singa akakiweka juu ya ngumi yake, akakizungusha. "Kizuri," akasema. "Lakini hakinienei."

Shangazi akakichukua haraka, akasema yeye kitamuenea.

Sasa nikasimama mie, maana hapa tulikuwa tumefika kwenye kazi yangu. Nikamwambia yule mwanamume, "Sikiliza. Usiseme kilemba. Sema melimeli. Mita tano na nusu. Upana kamili. Isiwe na maua, isiwe na mistari, isiwe na nailoni ndani. Kikunje mkononi, ukikiachia kisijikunjue kama springi. Kikijikunjua, kiache."

"Bibi, mita tano na nusu kwa kichwa kimoja?"

"Wewe kichwa chako kimoja kimekuletea kofia ya kike. Nenda."

Akaenda. Kilichorudi kilikuwa melimeli ya kweli, rangi ya bizari. Nikaisugua kwa vidole viwili nikatikisa kichwa kuridhika, na mshenga akakitangaza upya, kwa maneno mengi, kilemba cha mjomba. Singa akakipokea. Akainuka, akakikung'uta chote, kikajaa sebule nzima, watu wakarudi nyuma. Mie kwa mazoea nikanyanyuka kushika ncha ya pili.

Hakunipa mie. Alimgeukia mkwe wangu akamnyooshea.

"Baba wa mtoto," akasema.

Mkwe wangu aliitazama ile ncha kama mtu aliyeletewa samansi. Halafu akashika.

"Vuta."

"Nisikichane?"

"Hakichaniki. Vuta."

Akavuta ovyo. Nikamwambia, "Siyo hivyo, shika pembe. Pembe. Sasa kingamisha." Kitambaa kikalia, na mkwe wangu akatabasamu bila kutaka. Walipomaliza kukunja walikuwa wamekaribiana, uso kwa uso, na ile nafasi ya mtu mwembamba haikurudi tena.

Kisha Singa akafungua mfuko wake wa nailoni. Akampa mjomba wa bwana harusi kile cha zafarani, kwa mikono miwili. "Nikipewa natoa," akamwambia. "Hiki kimechakaa, lakini kinafanya kazi. Mtoto wetu akiwapotea huko kwenu, vaa hiki usimame mahali pa juu. Atakiona."

Yule bwana akakipokea. Akakiweka begani, na kilikaa begani mpaka wanaondoka. Mkwe wangu alisubiri Singa akifunge kile kipya tukione. Nikamwambia akae chini. Mtu hafungi kilemba mbele za watu, kama yeye asivyovalia suruali sebuleni.

Siku ya harusi alikuja nacho, cha bizari, kimekaa sawa kama kimechongwa. Shehe alipouliza mjomba ni yupi hakuna aliyecheka. Walimwonyesha kwa kidole tu, na kidole hakikuwa na kazi kubwa, anaonekana toka barabarani.

Bahasha yangu ya ubeleko nilikuwa bado sijaitumia. Wiki ile ya harusi nilikwenda dukani nikanunua nguo. Kanga ya pamba nzito, pana, siyo hizi za kuchuja rangi mvua ya kwanza. Nikaifua mara tatu kuitoa ukakasi, nikaianika kivulini. Ilipokauka nikachukua mwiko wangu, nikagonga ukuta wa gereji mara mbili.

Akatoka, mikono ina grisi. Nikamwambia aende akanawe kwanza. Akanawa, akarudi, nikampa ncha.

"Ya nani hii, dada?"

"Ya kubebea mtoto. Ulituuliza tunambebea nini."

"Mtoto yupo?"

"Hajaja. Vuta."

Akavuta.